Ajali Isiyotoa Damu: Maumivu ya Shingo na Swala ya Aliyeumia

Ndugu zetu katika imani, gari linapogongwa kwa nyuma, kichwa cha abiria hurushwa nyuma kisha mbele kwa ghafla, na misuli na kano za shingo huvutika, pengine hata kuchanika. Eksirei huonesha mifupa, si nyama hizo. Maumivu nayo mara nyingi huanza baada ya saa kadhaa au siku ya pili. Basi familia zisimwone mgonjwa anadeka kwa kuwa hakuvunjika.

Tunanasihi asichuliwe wala kunyooshwa shingo kabla ya kuonwa na daktari. Akihisi ganzi, viungo kulegea, kichwa kuuma sana au akitapika, akimbizwe hospitali.

Ama Swala, haimwondokei. Katika Hadithi ya Imraan bin Huswayn (Al-Bukhaariy), Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alimuelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Anayeweza kusimama asimame. Ambaye kurukuu na kusujudu kunamdhuru, aashirie kadiri awezavyo. Kuzidisha jeraha kwa kujilazimisha si ucha Mungu.

Na Allaah Anajua zaidi.