Upande Mara Mbili, Eneo Mara Nne

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Mtu akiuziwa cha 40 kwa 40 mtaa huohuo, akaambiwa bei ni mara mbili ya kile cha kwanza, asisite, maana atapata mita za mraba 1,600, yaani viwanja vinne kwa bei ya viwili. Wengi hatulioni hilo papo hapo. Jicho hufuata upande, na upande umeongezeka mara mbili tu. Ardhi yenyewe imeongezeka mara mbili kwa urefu, kisha yote hiyo ikaongezeka tena mara mbili kwa upana.

Hivyo ndivyo mraba wowote ulivyo: ukizidisha pande zake kwa namba fulani, eneo huzidishwa kwa namba hiyo mara mbili. Pande mara 3, eneo mara 9. Pande zikipunguzwa nusu, eneo hubaki robo. Kwenye asilimia ndipo watu wanapoponzwa zaidi. Refusha kila upande kwa asilimia 10, na eneo litakua kwa asilimia 21. Chora uone: utepe mmoja wa asilimia 10 ubavuni, mwingine juu, na pale pembeni tepe hizo zinapoacha pengo, kiraba kidogo cha asilimia 1.

Swali gumu ni la kinyume chake. Nikitaka eneo liwe mara mbili kamili, pande nizirefushe kiasi gani?

Swali hilo limo katika Meno, maandishi ya mwanafalsafa Mgiriki Plato ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Humo mwanafalsafa Socrates, akizungumza na mtu aitwaye Meno, anamwita kijana mtumwa ambaye hajafundishwa jometri, aliyezaliwa nyumbani kwa huyo Meno. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake futi za mraba 4, kisha anamtaka mraba wa futi za mraba 8. Kijana anajibu bila wasiwasi kwamba upande uwe 4. Wanachora, wanahesabu, inatoka 16. Basi uwe 3, anasema. Inatoka 9. Hapo anakiri kwamba hajui.

Socrates sasa anaunganisha miraba minne ya futi za mraba 4 kuwa mraba mkubwa mmoja wa 16. Ndani ya kila mraba mdogo anapiga mstari kutoka pembe hadi pembe, hivi kwamba mistari yote minne inakutana na kuzingira mraba mpya uliokaa kimshazari katikati. Kila mstari umegawa mraba wake nusu kwa nusu. Nusu nne za 4 ni 8. Kwa hiyo upande unaotafutwa ni ule mstari wa mshazari wa mraba wa mwanzo.

Plato alitumia kisa hiki kudai kwamba roho hukumbuka mambo iliyoyajua kabla ya mtu kuzaliwa. Mimi sishawishiki. Ninachokithamini ni ile hatua ya katikati, ambapo kijana ameacha majibu yake mawili ya haraka na sasa anataka kujua kweli. Mwalimu wa hisabati anayeruka hatua hiyo akatoa kanuni moja kwa moja anamnyima mwanafunzi sehemu iliyo bora. Na inaniuma kwamba kijana yule, anayesomwa hadi leo, hakuandikwa jina lake.

Urefu wa mshazari huo ni upande wa mwanzo mara 1.41421356 na kuendelea bila kikomo. Hakuna sehemu ya namba nzima kwa namba nzima inayoufikia barabara. Waandishi wa Babeli waliujua zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Plato. Kibao chao cha udongo, ambacho sasa kimo Chuo Kikuu cha Yale, kina mchoro wa mraba na mishazari yake, na kipimo walichokiandika ni sawa na 1.41421296, sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Kwa kiwanja chetu cha mita 20, upande wa kupata mita za mraba 800 ni mita 28.28.

Namba hiyohiyo, 1.414, ndiyo inayotawala karatasi za ofisini. Mwaka 1786 Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliandika katika barua kuhusu karatasi ambayo ukiikata katikati, kila nusu hubaki na umbo la ile nzima. Urefu wake lazima uwe upana mara 1.414. Ujerumani iliufanya mpangilio huo kuwa kiwango rasmi mwaka 1922, na leo A4 yetu, milimita 210 kwa 297, inatokana nao. A3 ni A4 mbili zilizolala kando kwa kando, ndiyo maana mashine ya fotokopi hukuza kutoka A4 hadi A3 kwa asilimia 141. Ukibonyeza 200, picha itakuwa ya ukubwa wa A4 nne, na nusu yake itakosa nafasi kwenye A3. Ukitaka kurasa mbili zienee kwenye A4 moja, punguza hadi asilimia 71. Kwa asilimia 50 kila ukurasa utashika robo tu.

Mnyororo mzima unaanzia A0, yenye mita 1 ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya 16. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa gramu 80, ambao ni uzito wa mita moja ya mraba, ikiwa A4 ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2 na nusu.