Unafanya kazi karibu na eksirei? Jua nani anawajibika kwa nini

Leo nazungumza na ndugu zetu mnaofanya kazi hospitalini hapa Uingereza. Si manesi peke yao, bali hata wasafishaji, wanaosukuma vitanda na wanaopata shifti kupitia wakala. Sisi wabeba boksi ndio tunaopita mlango wenye alama ya mionzi bila mtu kutueleza kitu.

Dada mmoja msafishaji alinifuata kantini. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na hajamwambia bosi, akihofia kukatiwa shifti. Usiku halali, anamuwaza mtoto. Nikamuuliza, "Msimamizi wa mionzi hapo idarani kwenu ni nani?" Hakujua.

Kwa sheria ya mwaka 2017 ya kinga ya mionzi kazini, mwenye mzigo mkubwa ni mwajiri. Yeye ndiye wa kupima hatari, kukufundisha, kukupa vifaa na kuhakikisha mfanyakazi hapati zaidi ya milisivati 20 kwa mwaka. Usiogope hiyo namba, wengi wetu hospitalini hatufiki hata 1. Mwajiri ana mshauri wa kinga ya mionzi, kwa kawaida mtaalamu wa fizikia, ambaye huenda usimwone kabisa.

Unayemhitaji ni msimamizi wa kinga ya mionzi. Huyu yumo humo humo idarani, mara nyingi ni mpiga picha mzoefu, na kazi yake ni kuona kwamba kanuni za idara zinafuatwa. Jina lake huandikwa kwenye kanuni hizo. Uliza zilipo, usome jina, umjue kwa sura.

Na wewe una wajibu wako. Taa ya onyo ikiwaka, usiingie. Aproni ya risasi uivae ukipewa, ukimaliza uitundike. Ukiikunja inapasuka ndani na macho hayaoni. Beji ya kupimia mionzi ni yako peke yako. Nimeshaona mtu akimwazima mwenzake, na mwingine akiiacha kwenye koti karibu na mashine. Halafu vipimo vinasomeka juu, na hakuna anayejua ni vya nani! Ukiipoteza, sema siku hiyo hiyo.

Kushika mgonjwa asitikisike wakati wa picha kusiwe kazi yako ya kila siku. Nilipokuwa mgeni hapa niliitwa kushika watoto mara kwa mara, nikaona aibu kukataa. Siku hizi nauliza kwanza kama kuna njia nyingine, kisha nadai aproni. Kama huna kazi chumbani, rudi nyuma: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inapungua hadi robo.

Tukirudi kwa yule dada. Nilimwambia aandike barua, kwa sababu mwajiri akishajulishwa kwa maandishi ndipo sheria inambana: kwa muda wote wa mimba uliobaki, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisivati 1. Akaandika. Msimamizi akapitia kazi zake. Vyumba vya eksirei havikuwa na tatizo, kwani mashine ikizimwa mionzi inakwisha, haibaki ukutani wala kwenye shuka. Lakini alikuwa pia anasafisha vyoo vya wagonjwa waliochomwa sindano ya dawa yenye mionzi, na dawa hiyo hutoka kwenye mkojo. Hapo ndipo walipomhamisha, akapewa wodi nyingine, na saa zake hazikupunguzwa.

Ukinyonyesha pia wajulishe kwa maandishi, hasa kama unashika dawa hizo au taka zake. Wa wakala nanyi msiseme "mimi ni wa kupita tu". Kabla hujaingia chumba hicho, omba maelekezo, hata kama shifti ni ya siku moja.