Urejeshi katika Maelezo ya Programu: Mfano wa Python

1. Utangulizi

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa amri zilizokwisha kutungwa ili wengine wazitumie bila kuzitunga upya. Mtumiaji hauoni undani wake. Yeye husoma maelezo tu. Maelezo yakikosewa, kazi njema ya mtungaji hupotea bure. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi muundo na marejeo ya maelezo hayo yanavyosahihishwa. Mfano wetu ni Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Zamani maelezo yake yaliandikwa kwa LaTeX. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008 hutayarishwa kwa Sphinx, chombo kilichobuniwa na Georg Brandl.

2. Muundo

Sphinx husoma matini ya kawaida yenye alama chache, ndogo kwa umbo lakini nzito kwa maana. Anayetaka kumwonya msomaji huandika hivi: .. warning:: kisha onyo lenyewe. Akiandika nukta pacha moja badala ya mbili, Sphinx huyahesabu maneno hayo kuwa maandishi ya siri ya mwandishi, na onyo zima hutoweka bila kosa kutangazwa. Vilevile jina la amri huzungushiwa alama mbilimbili zifananazo na mkazo wa è ya Kifaransa. Waliozoea Markdown hutia moja moja, na jina likachapwa kwa herufi za mlazo kana kwamba ni neno la kusisitizwa tu.

3. Marejeo

Mwanaisimu ataitambua hali hii. Katika «kitabu nilichokisoma», -cho- huturudisha kwenye kitabu. Ukikiondoa kitabu, kirejeshi chaning'inia. Ndivyo ilivyo kwa :func:, alama iitayo jina la amri. Amri ikibadilishwa jina, Sphinx kwa kawaida hulichapa jina la zamani bila kiungo, na hunyamaza. Kwa hiyo msahihishaji huongeza -n ili kila rejeo lisilo na shabaha litajwe, na -W ili onyo lihesabiwe kuwa kosa.

Hapo lazima aulize: je, jina limeendelezwa vibaya, limehamishwa, au limefutwa? La kwanza hurekebishwa herufi, la pili huelekezwa mahali papya, la tatu hudai sentensi iandikwe upya na msomaji aambiwe atumie nini badala yake. Kuondoa alama ya rejeo ili onyo likome ni kuficha ugonjwa, si kuutibu.

4. Hitimisho

Jambo hili latuhusu sisi tutungao kamusi na sarufi. «Tazama» ielekezayo kwenye kidahizo kisichokuwamo ni ugonjwa uleule. Kompyuta yaweza kuthibitisha kwamba shabaha ipo. Kwamba shabaha hiyo yasema kile msomaji alichoahidiwa, ni msomaji makini tu awezaye kuhakikisha.