Rivolva za Kale Majumbani: Namna ya Kuzitambua na Hatua za Kuchukua

Mirathi inapogawanywa, masanduku ya wazee hufunguliwa, na pengine chini ya hati za shamba hukutwa bastola iliyoshika kutu. Jambo hilo si la kushangaza katika milima ya Upare. Reli ya Tanga hadi Moshi ilipita chini ya milima yetu, na mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kando yake na kando ya Mto Pangani, yakiwasukuma Wajerumani kutoka Lembeni na Same. Vita Kuu ya Pili nayo ikawaita vijana katika kikosi cha King's African Rifles.

Kila chuma cha namna hiyo huitwa "bastola ya Mjerumani", na jina hilo halistahili kuaminiwa kabla ya kutazama. Rivolva ya jeshi la Ujerumani ilikuwa na miundo miwili, wa mwaka 1879 wenye mtutu mrefu, na wa mwaka 1883 wenye mtutu mfupi. Yote miwili ina matundu sita katika silinda, kiunzi kizima kisichokunjika, na ubavuni kushoto kuna kikomeo kidogo cha usalama, kitu ambacho ni nadra kukiona katika rivolva. Haina mtambo wa kutoa maganda. Askari aliyasukuma moja moja kwa kijiti. Kufikia mwaka 1908 jeshi hilo lilikwisha kuchagua bastola ya Luger, ambayo haina silinda kabisa.

Webley ya Waingereza hutambulika kwa bawaba iliyo mbele ya silinda: silaha hukunjika katikati na maganda yote hutoka kwa pamoja. Toleo la kwanza lilipokewa jeshini mwaka 1887. Matoleo ya awali yana mpini uliopinda kama mdomo wa ndege. Toleo la sita, la mwaka 1915, lina mpini wa pembe nne na mtutu wa inchi sita. Mara nyingi ubavuni mwake pamechorwa mwaka wa kutengenezwa, na hapo ubishi wa ukoo huisha. Enfield ya mwaka 1932 hukunjika vivyo hivyo, ila ni ndogo zaidi. Ile ya mwaka 1938 nyundo yake haina ncha ya kuvutia kwa kidole gumba. Smith & Wesson za miaka ya 1942 hadi 1945 hazikunjiki; silinda hutoka upande wa kushoto, na namba iliyo chini ya mpini huanza na herufi V.

Alama hizi zitazamwe kwa macho tu. Asijaribu mtu kuikunja, kuivuta nyundo wala kuisugua kutu, kwa kuwa risasi inaweza kuwa ingali ndani, na umri wa chuma haujawahi kuizuia risasi kutoka. Kusugua hufuta pia maandishi yale yale yanayotaja mwaka.

Tena leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, wala hairithiwi pamoja na shamba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki silaha bila leseni ni kosa, nayo haikomi kuwa silaha kwa sababu ilikuwa ya babu. Familia ikitamani kumbukumbu yake ihifadhiwe, na ilieleze jambo hilo wakati wa kuikabidhi: jina la mzee, kikosi chake na namna alivyoipata.

Mwananchi wa Shighatini anayekuta silaha ya namna hii aiache pale ilipo, awaondoe watoto, afunge chumba, kisha atoe taarifa kwa Polisi Kata, kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au katika kituo cha polisi kilicho karibu. Asiibebe mwenyewe kwenye gari la abiria kwenda kuikabidhi. Askari wataifuata nyumbani, naye adai hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha.