Mfereji wa Suez na Ardhi ya Oldonyiro



Tunaandika haya tukiwa Oldonyiro, Isiolo, nchi ya wafugaji. Huenda mtu akauliza: Oldonyiro na Suez ya Misri, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba historia yao imepitia mlango mmoja, nao ni deni.

Mfereji wa Suez ulianza kuchimbwa mwaka 1859 chini ya Mfaransa Ferdinand de Lesseps, kwa mikono ya wakulima wa Kimisri walioshurutishwa. Ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, na meli ziendazo Bara Hindi hazikulazimika tena kuizunguka Afrika.

Lakini mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alizama katika madeni. Mwaka 1875 aliiuzia Uingereza hisa zake za mfereji kwa takriban pauni milioni 4. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaikalia Misri. Mwenye nyumba akawa mpangaji.

Aliyeishika Misri alitamani pia chemchemi za Mto Nile. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Uingereza kuitwaa Uganda mwaka 1894, na mwaka 1896 kuanza kutandika reli kutoka Mombasa. Wenyeji wa nchi iliyo katikati hawakuulizwa. Baadaye mfugaji wa Isiolo akajikuta ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Misri yenyewe iliurejesha mfereji wake mwaka 1956 tu, na vita vikafuata.

Leo njia nyingine imechorwa: kutoka bandari ya Lamu kupitia Isiolo, kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Kipsing, jirani na hapa, pamepangiwa mji wa kitalii. Hatuikatai njia, maana huleta riziki. Tunachohofia ni hisa ya wenyeji kupotea.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi yake, na haki ya mwanamke humo ni sawa na ya mwanamume. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inatuamrisha kuandika deni. Basi na haki nayo iandikwe. Kina mama, wa huku na wa Lamu, ulizeni kama majina yenu yamo katika daftari la jamii kabla ya mkataba wowote kutiwa saini.