Mlinzi wa Amana Naye Alindwe

Siku moja baada ya sala ya alasiri alitujia kijana aliyepata kusoma Qur'ani chuoni kwetu, akakaa mkekani kama alivyokuwa akikaa utotoni, akatueleza shida yake. Benki moja imemwita ashike kazi katika idara inayochunguza khiana za wafanyakazi wa benki wenyewe, na kutafuta ushahidi uliomo ndani ya kompyuta. Mzee wake ameikataa kazi hiyo, kwa hoja kwamba ni kupeleleza siri za watu, na dini imekataza kupelelezana. "Maalim," akasema, "nifanyeje?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba muda tuijue kwanza kazi yenyewe, maana si haki kuhukumu jambo usilolijua. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyowaambia yeye na mzee wake, nasi twaona yafaa kila nyumba iyasikie.

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa nje huvunja mlango, na kishindo chake husikika. Bali mtu wa ndani ana ufunguo mkononi, na wenziwe wamwamini. Na mali iliyomo benki ni ya watu: akiba ya mjane, karo ya yatima, mtaji wa mwenye duka.

Tutoe mfano unaojulikana dunia nzima. Mjini London palikuwa na benki iitwayo Barings, iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 kijana wake mmoja, Nick Leeson, alikuwa Singapore akiifanyia biashara ya mikataba ya bei za siku zijazo. Mwezi wa Julai mwaka ule karani aliyekuwa chini yake alikosea, akauza mikataba 20 iliyotakiwa kununuliwa, ikapatikana hasara ya pauni 20,000 hivi. Leeson hakuwaambia wakubwa. Aliificha hasara ile katika hesabu ya pembeni yenye nambari 88888. Kisha akazificha humo na hasara zake mwenyewe, akawa anaongeza fedha ili arudishe zilizopotea. Mwisho wa mwaka 1992 hasara zilikuwa pauni milioni 2. Mwaka 1993 milioni 23. Mwaka 1994 milioni 208. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, bei zikaanguka, na hasara zikafika milioni 827. Tarehe 26 Februari benki ile iliyoishi zaidi ya miaka 230 ilianguka, kisha ikauzwa kwa pauni moja tu. Leeson alihukumiwa Singapore kifungo cha miaka sita na nusu.

Yaliwezekanaje hayo? Ni kwa kuwa mtu yule yule aliyefanya biashara ndiye aliyewasimamia wale walioiandika vitabuni. Wakaguzi wa benki walionya juu ya jambo hilo mwaka 1994, wala halikurekebishwa. Na alipotakiwa aeleze fedha zisizoonekana, alighushi karatasi kwa kukata na kubandika, akaileta kwa faksi kutoka nyumbani kwake; na juu ya karatasi ile mashine ikaandika jina lake na la mkewe. Alama ilikuwa mbele ya macho, lakini hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Basi kazi anayoitiwa kijana wetu ni hiyo: kuzisoma alama. Sehemu yake ya kwanza ni kuzuia. Mtu mmoja asiandike malipo kisha akayaidhinisha yeye mwenyewe. Mfanyakazi apewe likizo ya siku mfululizo, na mwingine akae mezani pake, maana mwenye kuficha jambo huogopa kuondoka. Na akionekana mtu anafungua hesabu zisizohusu kazi yake, hasa zile zilizolala muda mrefu bila ya kuguswa, aulizwe mapema.

Sehemu ya pili ni kuchunguza baada ya shaka kutokea. Mchunguzi haigusi kompyuta ovyo. Huinakili diski nzima kwa chombo kinachozuia lolote lisiandikwe juu yake, kisha huitolea alama ya herufi na tarakimu 64. Likibadilika hata neno moja ndani ya nakala, alama nayo hubadilika yote. Huandika daftarini ni nani aliyekishika chombo kile, lini, na alimkabidhi nani. Hata kilichofutwa mara nyingi kingalipo, kwani kompyuta huondoa njia ya kukifikia tu, na maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe mahali pake. Na uchunguzi huo humwokoa pia asiye na kosa: karani aliyeibiwa neno lake la siri huweza kusafishwa kwa alama hizo hizo.

Je, huu ndio upelelezi uliokatazwa? Twaona sivyo, ukiwekewa mipaka. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, imeamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Amri hiyo haikuwafanya watu wote kuwa wezi. Imewaondolea shaka wote wawili, adaiye na adaiwaye. Lakini mchunguzi naye ana wajibu: afuate ruhusa iliyoandikwa; achunguze vyombo vya benki, si nyumba za watu; asisome barua ya mtu na mkewe kwa udadisi; akiona aibu isiyohusu shauri, aifunike; wala asimtaje mtu kwa dhana. Ama suala la riba, tulimwambia awaulize masheikh juu ya benki hiyo yenyewe; lakini hata benki isiyotoza riba yahitaji walinzi hawa.

Limebaki la nyumbani. Mwaka 1953 mwanachuoni wa Marekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti wake juu ya wafungwa waliokhini amana za fedha. Aliona kwamba mtu hupatwa na shida aonayo haya kuisema, akaona nafasi ya kuchukua kwa siri, kisha akajidanganya kwamba anakopa tu, atarudisha. Mficha maradhi, kifo humfichua. Pauni 20,000 zile zingalisemwa siku ile ile, zingalikuwa karipio la saa moja. Basi enyi wazazi, mtoto akija kusema kweli juu ya kosa lake, msimfanye ajute kusema. Nanyi vijana, deni likikuzidi mwambie mzazi au mke wako kabla hujaangalia sanduku la watu.

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na huyo mchunguzi, nani humchunguza?" Mwanawe akamjibu: "Daftari, baba. Nami kila ninachokigusa huandikwa, na mwingine hukikagua." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Basi nenda, na siku watakapoacha kukukagua, urudi nyumbani."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana, kwa siri na kwa dhahiri. Amin.