Richard Thompson alivyoanza kwa kujikwaa

Mwanamuziki anapoihama bendi yake, huliacha pia jina lililowavuta wanunuzi. Ndiyo yaliyomkuta Mwingereza Richard Thompson, mmoja wa waasisi wa Fairport Convention, bendi iliyochanganya nyimbo za jadi za Uingereza na muziki wa roki.

Aliihama mnamo 1971. Mashabiki walimjua kwa gitaa kuliko sauti, na albamu yake ya kwanza, Henry the Human Fly ya 1972, ilibezwa na wahakiki, ikadoda madukani.

Hata hivyo, haikuwa kazi bure. Miongoni mwa walioiimbia alikuwemo Linda Peters, ambaye Thompson alimwoa mwaka uo huo. Mnamo 1974 wawili hao walitoa I Want to See the Bright Lights Tonight, albamu inayosifiwa hadi leo.